Datsun 240Z inayozima njiani kisha inawaka yenyewe

Swali: "Shikamoo fundi. Nimerithi Datsun 240Z ya mwaka 1972 kwa marehemu baba. Ilikaa bandani nyumbani Mpwapwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka juzi nikaileta Dodoma, ikanyooshwa bodi, ikapigwa rangi upya, injini nayo ikafunguliwa. Asubuhi inawaka vizuri sana. Nikitoka Ipagala kushika barabara ya Morogoro, nikifika Chamwino au nikipita kidogo, inazima ghafla. Nikisubiri dakika kumi inawaka kama si yenyewe. Siku nyingine inazima nikiruka tuta, halafu inashika hapo hapo kabla haijasimama. Usiku nikiwasha indiketa, taa kubwa zinapumua nayo indiketa inajivuta. Nimeshanunua betri, alteneta na koili, na hali ni ile ile. Fundi wa tatu ameniambia niiuze, eti umeme wa magari ya zamani hautengenezeki. Nifanye nini?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Gari usiliuze. Na hayo maneno kwamba umeme wake hautengenezeki siyakubali hata kidogo. 240Z ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari lililopigwa vumbi, mawe na matope ya huku kwetu likamaliza la kwanza mara mbili haliwezi kuwa na umeme usiotengenezeka. Tena halina kompyuta hata moja. Waya wake wote unaweza kuufuata kwa kidole kutoka betri hadi taa ya mwisho, na mchoro wake ukiwa nao utauelewa kwa jioni mbili.

Kinachowashinda mafundi wako ni tabia ya ugonjwa wenyewe, unaokuja na kuondoka. Unazimikiwa Chamwino, unasubiri, linawaka, unalileta gereji likiwa zima. Fundi haoni kitu. Anakisia koili, anafunga mpya, gari linawaka, unalipa. Lakini lingewaka hata asingegusa chochote, maana lilishawaka lenyewe njiani. Kwa tatizo la namna hii, gari kuwaka baada ya kubadilisha kifaa si ushahidi kwamba kifaa kilikuwa kibovu. Ndivyo ulivyofikisha betri, alteneta na koili. Kwa hiyo kuanzia leo usinunue kitu kingine chochote mpaka tumelikamata tatizo likiwa kazini.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na ninaona magonjwa matatu yamechanganywa kwenye gunia moja. Kuna la joto: linazima baada ya mwendo, linapona likipoa. Kuna la mtikisiko: linazima kwenye tuta, linashika papo hapo. Na kuna la mzigo: taa zinapumua ukiongeza kitu kingine. Huenda mawili yana chanzo kimoja, huenda kila moja lina lake. Ukiyatibu kwa pamoja hutajua lipi limepona.

Kabla ya kugusa waya, tuhakikishe kwanza kwamba hilo la joto ni la umeme kweli. Dodoma mchana, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanguka, lami inawaka, na gari hili lina kabureta mbili zilizokaa upande ule ule wa bomba la moshi, juu yake kabisa. Petroli ikichemka ndani ya mabomba na kabureta, injini inakosa mafuta, inazima, na ikipoa dakika kumi inawaka. Dalili zinafanana kabisa na zako. Nimewahi kuona watu wakibadilisha vifaa vya umeme miezi mitatu kwa tatizo la petroli.

Mshale wa RPM, yaani wa mizunguko ya injini kwa dakika, ndio utakaokupa jibu. Kwenye 240Z, umeme unaokwenda kwenye koili, ile inayoukuza umeme wa betri uwe cheche, unapitia kwenye geji hiyo. Mwambie mtu akae pembeni yako, macho yake yawe kwenye mshale tu, wewe angalia barabara. Gari likizima, usikanyage klachi. Liache kwenye gia sekunde chache, magurudumu yaendelee kuizungusha injini. Kama injini bado inazunguka lakini mshale umeanguka sifuri kwa mara moja, kama umekatwa kwa kisu, umeme wa koili umekatika. Kama mshale unateremka taratibu pamoja na mwendo, na kabla ya hapo gari lilikuwa linakohoa na kuvuta kwa shida, anza na petroli: filta, bomba lililolala karibu na moto, mfuniko wa tangi usiopumua. Na likizima ukiwa kwenye mwendo usizungushe funguo hadi mwisho, usukani unaweza kujifunga.

Tuseme mshale umeanguka ghafla. Sasa tengeneza kifaa ambacho mimi nakiamini kuliko mashine nyingi za bei kubwa. Chukua balbu ndogo ya volti 12, wati 5, ya taa ya namba inatosha, na kishikio chake. Funga waya mmoja kwenye mguu wa chanya wa koili, weka fyuzi ndogo ya ampea 3 hapo hapo karibu na koili, upitishe waya huo hadi ndani ya gari mbali na bomba la moshi na feni. Waya wa pili wa balbu ufunge kwenye chuma safi cha bodi. Ibandike balbu kwa tepu juu ya dashibodi upande wa abiria. Kabla hujaanza kazi hii vua waya wa hasi kwenye betri, urudishe ukimaliza.

Washa injini uitazame balbu hiyo kwa muda gari likiwa halisumbui, uijue sura yake. Haitawaka kwa nguvu zote. Kwenye gari hili kabla ya koili kuna rizista ambayo kazi yake ni kupunguza umeme, kwa hiyo injini ikizunguka koili inapata wastani wa volti 9 hivi badala ya 12 na zaidi. Mwanga utakuwa wa wastani, wenye wekundu kidogo. Ukishauzoea, endesha kuelekea Chamwino na abiria wako. Gari likizima, liache kwenye gia, abiria aseme anachokiona.

Akisema "imezimika kabisa", umeme haufiki kwenye koili. Tatizo liko njiani, kati ya betri na koili.

Akisema "imeng'aa kuliko kawaida", shangilia, maana umelibana kwenye kona ndogo sana. Balbu inang'aa kwa sababu koili imeacha kuvuta umeme, rizista haina cha kupunguza, volti zote 12 zinafika. Yaani umeme unafika kwenye koili lakini hauna pa kutokea upande wa pili. Njia imekatika ndani ya distribyuta, ile inayogawa cheche kwa kila plagi, au kwenye waya mfupi unaotoka koili kwenda distribyuta.

Akisema "iko vile vile" na injini imekufa, basi umeme unaingia na kutoka, ila cheche hazizaliwi au hazifiki kwenye plagi. Hapo washukiwa ni kondensa (kile kikopo kidogo kinachofanya kazi na pointi), koili yenyewe, waya mnene wa katikati, na kifuniko cha distribyuta pamoja na rota yake.

Ona basi balbu ya wati 5 ilivyokuokoa na kununua vitu kumi.

Nianze na ile ya kung'aa, kwa sababu hilo la kuzima kwenye tuta na kushika papo hapo linanifanya niishuku sana distribyuta yako, hasa kwa kuwa injini ilifunguliwa na mikono imepita hapo. Fungua kifuniko. Utaona sahani ndogo ambayo pointi, zile ncha zinazokata na kuunganisha umeme wa koili, zimefungwa juu yake. Sahani hiyo haijatulia, inazunguka kidogo kila unapokanyaga mafuta, ikivutwa na kile kikombe cha pembeni chenye bomba la upepo. Kwa sababu inazunguka, inaunganishwa kwa vipande viwili vya waya laini sana: mmoja unaleta umeme kutoka nje, mwingine unaishika ethi ya distribyuta, yaani njia ya kurudishia umeme. Kila ukikanyaga mafuta na kuachia, vipande hivyo vinapinda na kunyooka. Kwa miaka zaidi ya hamsini.

Siku za nyuma niliwahi kukaa wiki nzima na pikapu moja ya kizamani iliyokuwa ikizima kila inapopanda mlima. Nilibadilisha pointi, kondensa, nikasafisha kila kitu. Ikisimama gereji inaunguruma vizuri. Siku ya saba nikaushika ule waya mdogo kwa koleo nyembamba nikauvuta kidogo tu. Ngozi yake ikarefuka kama mpira. Waya unaoshika haurefuki. Ndani shaba ilikuwa imeshakatika zamani, ncha mbili zikigusana ndani ya ngozi isiyokuwa hata na mkwaruzo. Injini ikiwa imetulia zinagusana. Ukikanyaga mafuta, sahani inazunguka, ncha zinaachana. Mwenye gari alikuwa ameshalala njiani mara mbili kwa sababu ya waya mfupi kuliko kidole changu cha mwisho.

Kwa hiyo vivute vyote viwili, taratibu. Kisha weka multimita, ile mita ya kupimia umeme, kwenye kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa waya, ncha moja kwenye sahani, nyingine kwenye mwili wa distribyuta, na uzungushe sahani kwa kidole kwenda na kurudi. Namba ikirukaruka, umemshika mwizi. Ukibadilisha, tumia waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, ule unaolegea kama uzi. Ukifunga waya mgumu wa kawaida utadumu muda mfupi na utaizuia sahani kuzunguka. Ukiwa hapo pima mwanya wa pointi, uwe kati ya milimita 0.45 na 0.55, na hakikisha waya wa pointi hauusugui mwili wa distribyuta mahali popote.

Sasa ile ya kuzimika kabisa. Hapa jiulize swali moja kwanza: gari lilipozima, taa za dashibodi na honi vilikuwepo? Umeme wa gari una shina na matawi. Kama kila kitu kimekufa pamoja, tatizo liko kwenye shina: vichwa vya betri, kile kipande cha waya karibu na betri kinachofanya kazi ya fyuzi kuu, au geji ya ampea. Geji hiyo wengi hawaijui. Kwenye gari lako karibu umeme wote, ukitoa wa stata, unapita nyuma ya dashibodi kwenye mguu mmoja wa geji hiyo na kutokea kwenye mwingine. Nati zake zikilegea, mahali hapo panachemka, plastiki inabadilika rangi, na kila tuta linaweza kukuzimia gari zima. Vua betri, ingiza mkono nyuma, shika nati hizo. Zikizunguka kwa vidole umepata kitu.

Kama honi inalia na taa zipo lakini koili haina umeme, uko kwenye tawi la koili: swichi ya funguo, ile geji ya RPM niliyoitaja, rizista, na viungio vya katikati. Swichi ya funguo ijaribu injini ikiwa imewaka, gari limesimama: shika funguo, itikise juu, chini, kushoto, kulia bila kuizungusha. Injini ikikata au balbu ikipepesa, visahani vya ndani vimekwisha. Na kama unabeba funguo za nyumba, ofisi na kufuli la geti kwenye pete moja na ya gari, zitenganishe leo. Uzito ule unacheza kwenye kila tuta.

Rizista ina dalili yake ambayo ukiiona mara moja huisahau: ukipiga stata injini inashika, ukiachia funguo inazima. Inashika kwa sababu wakati wa stata umeme unaipita rizista pembeni na kwenda koili moja kwa moja. Ukiachia funguo unarudi kwenye njia ya rizista, na njia imekufa.

Koili uliyonunua lazima niiongelee, maana inaweza kuwa ndiyo iliyokuongezea ugonjwa wa joto. Koili ziko za aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja imetengenezwa kufanya kazi na rizista ya nje. Ukiipima omu kati ya miguu yake miwili midogo, waya zikiwa zimevuliwa, utapata kama 1.5. Nyingine haihitaji rizista, hiyo inasoma karibu 3. Ukifunga ya 1.5 halafu mtu akawa ameiruka rizista kwa kipande cha waya ili gari liwake haraka, koili itapokea umeme mwingi kuliko inavyostahimili. Dakika ishirini za kwanza utaona raha, kisha inachemka, cheche zinapotea, gari linazima, inapoa, linawaka. Ni kilomita za kutoka Ipagala hadi Chamwino hasa. Ikizima tena, ifikirie kama sufuria: pitisha kiganja karibu yake kabla hujaigusa. Ya moto kidogo ni sawa. Isiyoshikika kabisa si sawa. Halafu ipime na uangalie kama rizista bado iko kwenye njia yake.

Kondensa nayo inaweza kufa kwa joto tu. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ndicho kifaa pekee ambacho nitakuruhusu ununue cha akiba ukiweke garini bila kupima.

Tuje kwenye taa zinazopumua. Hapa nina uhakika zaidi kuliko kote, na sababu umeiandika wewe mwenyewe: gari lilipigwa rangi upya. Kwenye gari, bodi yenyewe ndiyo waya wa kurudishia umeme kwenye hasi ya betri. Kila taa, kila geji, injini yenyewe, vinarudi kwa kupitia chuma. Sasa bodi ikipigwa praima na rangi mpaka kwenye matundu ya boliti, halafu waya wa ethi ukafungwa juu ya rangi hiyo safi inayong'aa, umeme unabaki kupita kwenye meno ya boliti tu. Gari linapendeza, na ethi haipo. Indiketa inatafuta njia ya kurudi, inaikosa, inaazima njia ya taa kubwa, ndiyo maana moja ikipiga nyingine inapumua. Sitamlaumu aliyepiga rangi, kazi yake ni rangi. Lakini aliyefunga waya baada yake alipaswa kukwangua.

Usikisie, pima. Weka multimita kwenye volti, kipimo cha 20. Ncha moja igandamize kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ile risasi, si kile kibanio kilichofungwa juu yake. Ncha ya pili iweke kwenye chuma cha injini. Vua waya mnene wa katikati wa koili uushikize kwenye ethi ili injini isiwake, kisha mtu apige stata sekunde tano. Ukisoma chini ya volti 0.5 ni salama. Ukisoma 1 au zaidi, umeme wako unapotelea njiani. Halafu washa taa kubwa, ncha ya pili ihamishie kwenye bodi: isizidi 0.2. Kisha kwenye waya wa ethi wa kila indiketa ya mbele, halafu ya nyuma. Unasogea hatua kwa hatua, na mahali namba inaporuka ndipo penye ubovu.

Kwa nini nasisitiza kupima mzigo ukiwepo? Kwa sababu mafundi wengi wanapima waya kwa omu gari likiwa limezimwa, wanaona sifuri, wanasema waya mzima. Waya wenye nyuzi thelathini ukibakiwa na nyuzi mbili, omu bado itasoma karibu sifuri. Lakini taa mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi, na kikwazo cha omu 0.1 tu, ambacho mita ya kawaida haikioni, kitakula karibu volti nzima. Stata inayovuta ampea 150 ikikutana na omu 0.01, inapoteza volti 1.5. Ubovu wa namna hii unaonekana pale tu umeme unapopita.

Dawa yake ni kazi ya mikono. Vua kila boliti ya ethi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae ukubwa wa shilingi, piga msasa kichwa cha waya, tumia washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi au mafuta ya mgando juu ili kutu isirudi. Waya mnene wa kutoka betri kwenda injini na bodi, kama ni wa zamani ununue mpya, na ongeza mmoja zaidi kutoka injini kwenda bodi. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe vimwagie maji ya moto yenye magadi, viache vichemke povu, suuza, kausha.

Baada ya ethi, taa zako zitaimarika lakini hazitakuwa kamili, kwa sababu kwenye 240Z umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ndogo ya usukani na kwenye kisanduku cha fyuzi, na vyote viwili huchemka. Weka rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo, mbele karibu na taa, zenye fyuzi zao, ile swichi ya zamani iwe inaamrisha rilei tu. Usiwashe balbu za wati 100 kwa swichi hiyo, utaiyeyusha, na kuipata nyingine ni safari ndefu.

Fyuzi zenyewe sina mengi: shika kila moja baada ya kuendesha usiku, ile ya moto ina vishikio vilivyolegea, vibane na uvisugue. Karatasi ya sigara isiingie humo kamwe kuwa badala ya fyuzi.

Halafu kuna ile miaka kumi ya bandani. Kama banda hilo lilihifadhi mtama au karanga, na nyumba nyingi za Mpwapwa huhifadhi, basi panya walikuwa na maskani. Wanapenda kupita chini ya zulia na nyuma ya dashibodi. Fungua zulia lote. Tafuta kinyesi na vipande vya ngozi ya waya kabla ya kutafuta ubovu. Viungio vya kuchomeka navyo vichomoe kimoja kimoja, ukimaliza kimoja rudisha ndipo uende kingine, usije ukachanganya rangi. Ndani utakuta vumbi letu jekundu limeshikana na kutu ya kijani. Safisha kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme na brashi ngumu ya meno, bana kile cha kike kidogo kwa koleo kishike. Waya ambao ukiuchuna unakuta shaba nyeusi badala ya nyekundu, risasi ya kulehemu haitashika hapo. Rudi nyuma mpaka ukute nyekundu, au badilisha kipande kizima.

Na naomba sana mtu asikushawishi kung'oa waya zote na kufunga mpya za rangi moja kwa sababu "ndiyo rahisi". Rangi zile ni ramani. Mzee aliziacha kamili. Mtu akizitoa, fundi atakayekuja baada yake hatakuwa na pa kuanzia.

Usipoweza kusubiri barabara ikupe tatizo, lilazimishe gereji. Injini ikiwa imewaka, gongagonga kwa mpini wa bisibisi kila kiungio, tikisa fungu la waya shubiri kwa shubiri huku ukitazama balbu yetu. Kwa joto, azima draya ya saluni uielekeze kwenye koili, kisha kwenye distribyuta, dakika tano kila kimoja, uone kipi kinakata injini. Na usiku wa giza fungua boneti, nyunyizia maji kwa chupa ya pampu kwenye waya za plagi. Zikiwa zimechoka utaona cheche za bluu zinatembea juu yake kama vimulimuli. Weka mikono mbali, ule umeme unapiga.

Kwa hiyo wiki hii fanya mawili tu. Jumamosi kwangua ethi zote na uzipime, kwa kuwa hiyo ni kazi ambayo ungeifanya hata gari lingekuwa zima. Jumapili asubuhi funga balbu, chukua ndugu yako mmoja, mwende mpaka Chamwino na mrudi, tena mwende saa saba jua likiwa kali. Andika kwenye daftari: saa, umbali, lilizima kwenye tuta au kwenye lami laini, mshale ulifanya nini, balbu ilisema nini, honi ilikuwepo au la, koili ilikuwa ya moto kiasi gani. Niandikie hayo, pamoja na omu za koili yako, nami nitakwambia ufungue wapi.